Kamba ya Baba na Mistari Isiyofutika

Harufu ya chokaa inayochemka huniharibia siku. Nasema ile chokaa mbichi, ambayo ukiimwagia maji ndani ya pipa huanza kutokota yenyewe bila moto, ikatoa mvuke mweupe unaokwaruza koo. Hapa Uvira jirani zangu hupaka nyumba zao kabla ya Noeli, na wote wanajua kwamba siku hiyo mimi hufunga madirisha, nikajificha nyuma ya nyumba na mboga zangu. Wajukuu hunicheka. Wanadhani ni kifua. Sijawahi kuwaambia kwamba harufu hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye mikono ya baba yangu, kwenye shati lake, hata kwenye ugali aliotumegea, na kwamba kila ninapoivuta huwa na miaka kumi tena, nimesimama katikati ya kiwanja cha mpira mbele ya watu wote wa mtaa, na nimefungua mdomo ambao ingefaa niufumbe.

Uvira ni mji mwembamba. Milima imesimama mgongoni, ziwa liko miguuni, na sisi tumebanwa hapo katikati pamoja na barabara moja. Ardhi iliyo sawa, isiyo na mteremko wala mawe, ni mali kuliko dhahabu, na kipande kikubwa cha ardhi ya namna hiyo, karibu na mto Mulongwe, kilikuwa kiwanja alichokitunza baba. Jina lake la ubatizo lilikuwa Yosefu, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa padri, na mama alipokasirika. Wengine wote walimwita Bwana Kamba, kwa sababu ya kamba ya katani aliyoizungusha kiunoni badala ya mkanda. Kamba ile iligawanywa kwa mafundo katika mapengo kumi na mawili yaliyo sawa. Ukiivuta kwenye vigingi vitatu, upande mmoja mapengo matatu, wa pili manne, wa tatu matano, kona moja inanyooka kabisa, na hakuna mtu duniani awezaye kukubishia. Baba aliipenda kamba ile kuliko saa yake ya mkononi, ambayo hata hivyo ilikuwa imekufa.

Kwenye karatasi ya mshahara waliandika kuwa yeye ni mlinzi, basi. Mlinzi! Mtu asiyejua angedhani kazi yake ilikuwa kukaa getini na fimbo. Baba ndiye aliyekwenda Luberizi kuchimba nyasi za bondeni, zile fupi zinazotambaa, akazipakia juu ya magunia ya mpunga kwenye lori na kuzipanda hapa kidole kwa kidole. Ndiye aliyechimba mitaro ya kutoa maji ya mlimani, aliyejaza pipa saruji na mawe akalifanya gogo la kusawazishia udongo, aliyekwenda bandarini Kalundu kuwabembeleza wavuvi wamfumie nyavu za magoli kwa uzi uleule wa kuvulia. Alishona mpira uliopasuka na kuupaka mafuta ya ng'ombe. Alifunga miguu iliyovunjika kwa vipande vya mbao, alifukuza mbuzi, aliamua ugomvi. Baada ya mvua alikanyaga nyasi kwa kisigino, akangoja. Maji yakijaa kwenye alama ya kisigino, hakuna mchezo, hata kama mkubwa wa serikali amekwisha kuketi na wageni wake. Alisema mtu wa kiwanja ni nusu mkulima, nusu fundi, nusu polisi. Mwalimu wetu wa hesabu alipotufundisha kwamba kitu kizima hakiwezi kuwa na nusu tatu, nilinyamaza kwa heshima tu. Mimi nilikuwa nikiishi na mmoja.

Lakini kilichomfanya ajulikane hadi Sange ni mistari. Zamani kabla sijapata akili, timu ya wapagazi wa Kalundu ilicheza na timu ya Sange, mvua ikanyesha katikati ya mchezo, na chokaa yote ikasafiri kuelekea ziwani. Mpira ukatoka, au haukutoka. Kila upande uliapa kwa jina la Mungu. Walipigana, na kijana mmoja wa Sange akavunjwa taya. Mwamuzi alikimbia na kusahau filimbi yake. Baba alikuwa mtu wa kwanza kusema kosa ni la nani: ni langu, alisema, nimewapa watu mstari unaoweza kukanwa. Kuanzia hapo alifanya kitu ambacho sijasikia mwingine amekifanya. Kila mstari alioupima kwa kamba, aliuchimbia mtaro mwembamba, kina cha kiganja kizima, akaujaza mawe meupe yaliyopondwa, chokaa na majivu ya tanuri za kukaushia samaki, akashindilia mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Juu yake alipitisha maji ya chokaa kabla ya kila mchezo. Mvua ilikuja ikaondoka, ng'ombe walipita, mistari ikabaki. Alijivunia, na sisi tulijivunia pamoja naye.

Mimi ndimi niliyeshika ncha ya pili ya kamba. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, na hakuonekana kuhuzunika. Nilichuchumaa kwenye kigingi, nikikandamiza kamba kwa vidole viwili, na yeye akitembea kinyumenyume upande wa pili. Siku moja inzi aliniuma, nikasogea, kigingi kikasogea nami, nikanyamaza. Alichimba nusu ya asubuhi. Alipofika mwisho akaona mstari umekwenda pembeni kwa upana wa unyayo. Hakunipiga, na ningependelea anipige. Alikaa chini, akanikalisha mbele yake, akasema kwa upole uliouma, “Sifa, kigingi kikisogea, weye sema. Sitakukasirikia hata siku moja. Lakini ukinyamaza, mustari njo itasema.” Kisha akafukia kazi yake yote na kuanza upya. Darasani tulifundishwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ila sikuhitaji darasa. Nilikuwa nimekwisha kuuona uongo wangu ukiwa na urefu wa kiwanja kizima.

Adui mkubwa wa baba siku hizo hakuwa mwenye bunduki. Alikuwa Mama Feza, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa. Kwa Mama Feza na wanawake wenzake, nyasi zile fupi safi zilikuwa mahali Mungu alipopaumba kwa kuanikia ndagala, na kila kiangazi walikuja na beseni zao. Baba aliwafukuza, wakarudi. “Bwana Kamba,” alimwambia, “unaogopa nini? Ndagala yangu haina meno, haitakula majani yako.” Baba akajibu, “Mungu alifanyaka muchanga kwa ajili ya ndagala, Mama Feza. Peleka kule chini.” Hawakuwahi kuafikiana. Mama yangu alinunua samaki kwake kwa siri, na baba alikula kwa siri hiyohiyo.

Uhuru ulipokuja, Mzungu mfupi aliyekuwa mkubwa wa baba alimkabidhi ufunguo wa stoo na pampu ya mpira isiyo na sindano, akapanda gari akaenda zake. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka miguu. Mji mzima ulikuja kiwanjani kushangilia, na wengine walitoka Sange na Luberizi kwa malori, wakaimba na kucheza ngoma siku tatu. Baba alishangilia nao, halafu wakaondoka naye akabaki akiangalia vumbi mahali palipokuwa na majani. Jirani mmoja akamtania, akamwambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na uhuru nao ni fahali. Baba akasema wanaopenda methali ile hawajawahi kupanda nyasi. Nyasi zikikanyagwa, mvua moja tu inazisimamisha. Anayeumia ni mwenye nyasi. Watu walicheka, nami nikacheka kwa kuwa wakubwa walicheka.

Miaka minne baadaye, mwishoni mwa masika, waasi waliingia. Walikuja kutoka bonde la Ruzizi, wengi wao vijana ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakiuza mpunga kando ya barabara ya Sange. Sasa walivaa ngozi na majani kichwani, wakasema maji waliyonyunyiziwa yanageuza risasi kuwa matone. Askari wa serikali walikuwa wamekimbia kabla yao. Shule ilifungwa. Karani wa posta, baba wa rafiki yangu, alichukuliwa kwa sababu alivaa tai, na hatukumwona tena. Waasi walikifanya kiwanja mahali pa gwaride, na kila asubuhi niliwasikia wakikanyaga. Baba aliendelea na kazi. Nasema kweli, aliendelea. Aliwaomba wasiwashe moto ndani ya goli, wakacheka, lakini wakauhamisha. Aliwafundisha kuruka mtaro badala ya kuupita juu. Mama alilia usiku akisema mume wake ana wazimu, anawapangia wauaji mahali pa kukanyaga. Mimi niliona ni ushujaa. Leo nafikiri alikuwa anaogopa kuliko wote, na hakuwa na njia nyingine ya kuogopa isipokuwa kufanya kazi.

Waasi hao hao walipenda mpira. Katikati ya kiangazi komanda wao, mtu mwembamba mwenye macho mekundu, aliagiza kuwe na mchezo Jumapili. Baba alifurahi kwa namna ambayo hadi leo inanitia aibu na huruma. Alichemsha chokaa yake ya mwisho, pipa zima, na kwa kuwa nyasi zilikuwa zimekauka zikawa za kahawia, aliipitisha mara mbili. Nilimshikia kamba. Tulipomaliza, tulipanda kwenye mteremko wa mlima kidogo kuangalia, na kiwanja kilikuwa kimeng'aa hata kikaumiza macho. Mtu angekiona kutoka ng'ambo ya ziwa. Baba aliweka mkono kichwani kwangu, mkono mzito wenye harufu ile. Hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho ya furaha ya kitoto, na ninaijua tarehe yake ndani ya mwili wangu.

Mchezo ulichezwa. Jumanne ndege zikaja. Mbili, za upande wa serikali, zilitoka juu ya ziwa, zikapita juu ya kiwanja chini kabisa mpaka mabati yakalia, zikageuka zikapiga bandari ya Kalundu. Moshi ulipanda siku nzima. Waliokufa walikuwa wapagazi, wavuvi na wanawake waliokuwa wakipokea samaki. Kesho yake asubuhi komanda alikuja kiwanjani na vijana wake, na watu wakaitwa. Baba alikuwa na fyekeo mkononi.

“Ni nani alichora hii?” komanda aliuliza.

“Ni minye, komanda.”

“Ulikuwa unaandikia nani?”

“Hakuna muntu. Iko mistari ya mupira.”

“Ndege haichezake mupira,” komanda alisema. “Ilifika hapa, ikaona mweupe yako, ikajua njia ya kugeuka. Leo jua ikiingia nyuma ya mulima, nisione mweupe hata kidole moja. Nikiona, utabakia hapa, mu goli yako.”

Mtu mwingine angesema ndiyo, komanda, akaanza kufuta. Baba yangu akamwambia ukweli. Alimwambia haitoki; ameipanda na mawe, kina cha kiganja, na hata wakichimba watu mia haitaisha leo. Komanda akatazama mlima, kama mtu anayesoma saa, akaenda.

Baba alichukua jembe akaanza kwenye kona ya karibu na mto. Mimi na mama tulitumia mikono yetu. Jua la saa tano linawaka Uvira katika kiangazi, na udongo ulikuwa mgumu hata jembe likaruka. Alikuwa ameshindilia vizuri mno. Kila jiwe alilong'oa lilifunua jiwe jingine jeupe chini yake, na baada ya saa moja tulikuwa hatujavuka urefu wa watu kumi. Niliuona mkono wake ukitoka damu, na kwa mara ya kwanza nikachukia kazi yake nzuri. Kama angekuwa mzembe, kama angemwaga chokaa juujuu kama watu wengine, angeishi. Nilijua hivyo nikiwa na miaka kumi, wala hakuna aliyenieleza.

Ndipo Mama Feza akaja. Dada yake alikuwa amekufa Kalundu siku iliyotangulia, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini alikuja na jembe begani, na nyuma yake wanawake wa ndagala, halafu wengine wa mtaani, halafu siwezi kuwahesabu. Alisimama mbele ya baba, akasema, “Miaka yote ulitufukuza hapa. Leo siye njo tunakuja kukufukuzia kifo. Acha kung'oa, Bwana Kamba. Weye unajua mupira. Siye tunajua kulima.” Wakajipanga pande zote mbili za mistari, wakalima kuelekea katikati, wakainua matuta juu ya ile nyeupe, kama vile mtu anavyofanya shamba la viazi. Hawakuondoa kitu. Walifunika. Wengine wakaleta marando ya viazi kutoka kandokando ya mto, wakayachomeka juu ya matuta, na watoto tukamwagilia kwa makopo. Nyasi zile alizozileta kidole kwa kidole ziligeuzwa mizizi juu. Baba aliwaonyesha mistari inapopita, maana hakuna aliyeijua kama yeye.

Jua lilipogusa mlima komanda alirudi. Alizunguka kiwanja chote kwa miguu, akachomachoma matuta kwa fimbo. Hapakuwa na mweupe hata kidole kimoja. Alisema tu kwamba viazi vikikomaa wamletee, akaenda zake. Wanawake walipiga vigelegele kwa sauti ndogo. Baba aliketi chini ndani ya goli lisilo na mstari, akafungua kamba kiunoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Suruali yake ilianza kumshuka, na Mama Feza akasema jambo la utani ambalo siwezi kuliandika, na yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo alikuwa hai, basi. Alikaa mlangoni. Watoto wa mtaa walianza kuimba kwamba Bwana Kamba ameolewa na wanawake wa ndagala, wamemgeuza mkulima wa viazi. Nilipigana nao. Nilirudi nyumbani na midomo iliyopasuka, nami nilimkasirikia yeye kwa kuketi, nikawa namngoja asimame awe baba yangu tena. Niseme wazi, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma zaidi: nilimwonea haya. Nilitaka siku moja, mbele ya watu, wote wajue kwamba ni yeye, si wanawake, aliyefanya lile jambo kubwa la kukifuta kiwanja kizima kabla ya jua kuzama.

Siku hiyo ilikuja pamoja na mvua za kwanza. Jeshi la serikali lilirudi kwa barabara ya bondeni, na Wazungu wa kukodiwa wakiwa juu ya magari, na waasi wakakimbilia milimani. Tulisikia milio siku mbili. Siku ya tatu tukaitwa kiwanjani. Liutena aliyesimama mbele yetu alizungumza Kilingala, na askari mmoja wa huku alitugeuzia kwa Kiswahili. Alisema marubani wa serikali walikuwa wakiutafuta mji huu kwa kiwanja chake cheupe. Wiki baada ya wiki hawakukiona. Kwa hiyo komanda hakuwa amekosea, na hilo nalo limenisumbua maisha yangu yote. Liutena alionyesha matuta kwa fimbo yake, na askari akatuuliza, “Ni nani alificha hii kiwanja? Muntu gani aliwasaidia waasi?”

Watu walinyamaza. Wote walijua, kuanzia bibi vizee hadi wanaonyonya, na walinyamaza kama ukuta. Mama Feza alitazama miguu yake. Ningeweza kusema sikuelewa, na watu wamenisemea hivyo kwa huruma, lakini nilielewa Kiswahili vizuri sana. Nilisikia neno “nani”, na nilikuwa nimelingoja miezi yote. Nikatoka mbele nikasema kwa sauti ya darasani, “Ni Baba yangu. Alifuta yote kabla ya jua kuzama.”

Baba alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Ndipo Mama Feza alipopiga kelele, “Tulifuta siye wote! Siye wote!” na wanawake wengine wakaanza kusema hivyohivyo, lakini liutena alikuwa amekwisha kupata alichotafuta, na mtu mmoja ni rahisi kupakia kuliko mtaa mzima. Askari alimpekua baba mfukoni, akakuta kamba. Wakamfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe. Niliona mafundo yakipita kwenye ngozi, nami nikawa nayahesabu, maana nilikuwa nimefundishwa kuyahesabu. Alipopitishwa mbele yangu alisimama kidogo, wakamruhusu. “Usilie, Sifa,” alisema. “Kigingi kilisogea, ukasema. Vizuri.” Walimpandisha kwenye lori, na lori likaenda barabara ya Sange. Hatukuonyeshwa kaburi. Mama alikwenda mpaka Luberizi kwa miguu akiuliza, akarudi na miguu iliyovimba bila jibu.

Mama hakunilaumu hata siku moja, na Mama Feza alinipa ndagala bure mpaka nilipoolewa. Wema wao niliubeba kama mzigo. Nikawa mwalimu, nikafundisha miaka thelathini na tano, na kila mwaka kitabu kiliponitaka niandike ubaoni kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, niliwapa watoto kazi nyingine. Sikuwaambia waseme uongo. Nilishindwa tu kuwaambia kwamba kweli haichagui inapoangukia, na kwamba baba yangu alinifundisha nusu ya somo, akafa kwa ile nusu aliyonifundisha, bila kupata nafasi ya kuniambia kwamba kuna watu wasiostahili kujibiwa.

Mji umejaa sasa. Kiwanja kimemegwa: upande wa mto nyumba zimeingia, upande wa barabara wenye pikipiki wameegesha, na mafuriko ya juzi yameleta familia zenye mahema kwenye kona ileile tuliyoanzia kulima. Vita vimepita juu yake mara nyingi, na kila jeshi lililokuja lilifanya gwaride hapo. Kilichobaki anakisimamia kijana anayeitwa Amani, ambaye nilimfundisha kusoma. Ana mashine ya kupulizia rangi na utepe wa plastiki wa kupimia. Rangi yake huisha kabla ya Jumatatu. Watoto hubishana mpira umetoka au haukutoka, na wanapobishana siku hizi huokota mawe haraka kuliko zamani.

Kiangazi kilichopita kilikuwa kikali. Amani alikuja nyumbani kwangu akiwa na wasiwasi, akaniambia, “Mwalimu, kuna kitu mu kiwanja. Majani inakauka yenyewe, inafanya mistari. Njoo uone.” Nilikwenda na fimbo yangu. Juu ya mawe ya baba nyasi zilikuwa zimekufa kwanza, kabla ya nyingine, na mistari yote iliyosalia ilikuwa imetoka, ya manjano, kona zimenyooka. Watoto walikuwa wakicheza ndani yake bila kubishana. Amani alikuwa amepima kona kwa utepe wake mara tatu, hakuona kosa. “Ni nani alipima hii?” akaniuliza.

Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka hamsini tangu nilipoulizwa swali la namna hiyo mahali pale. “Ni Baba yangu,” nikasema.

Aliniuliza alizikwa wapi, nikamwambia sijui. Kisha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa inamngoja, akanipa ncha ya utepe akaniomba nimshikie hapo chini ili apime mstari mzima na kuufuata kwa rangi yake. Nilichuchumaa kwa shida, nikaikandamiza kwa vidole viwili. Akaenda kinyumenyume mpaka mwisho. Alikuwa amekwisha kuinama kuweka alama utepe ulipoteleza vidoleni mwangu. Hakuona.

“Imesogea, mwanangu,” nikamwambia. “Pima tena.”